Mtoto Anapokimbia Peku Asubuhi ya Baridi

Juni, Julai na Agosti ni miezi ambayo mama wa Njombe, Makete au Mufindi huchochea moto kabla jogoo hajawika. Kule juu Kitulo, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kuna asubuhi ambazo umande hugeuka barafu juu ya majani. Mama mmoja wa pande hizo ametuandikia barua, na naamini wengi mtajiona ndani yake.

Mwanawe wa darasa la sita hukimbia kilomita nne kwenda shule. Viatu anavyo, mama aliuza gunia la viazi kuvinunua. Lakini mtoto akishapita kona ya kwanza huvivua, huvitia kwenye mkoba na kukimbia peku, kwa sababu anajiandaa kwa UMITASHUMTA na anasema bila viatu miguu huwa myepesi. Mama mkwe anasema kichomi kitamwua mjukuu wake, na kwamba mkwe wake hana uchungu wa mtoto. Baba anasema, "Mwache, hata sisi tulikimbia hivyo." Majirani nao wanasema nyumba ile imeshindwa hata kuvisha watoto. Mama anauliza amsikilize nani.

Baba ana haki kwa sehemu. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki kule Roma mwaka 1960 bila viatu. Mwaka 2010 Profesa Daniel Lieberman na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wakimbiaji wa Kenya na Marekani, wenye viatu na wasio navyo. Waliona kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, kisha kisigino hushuka taratibu, hivyo mshindo wa kutua huwa mdogo. Mtoto aliyekulia bila viatu hujifunza hayo bila mwalimu. Ila baba asisahau kwamba Roma ilikuwa Septemba, jioni yenye joto, na kwamba Bikila huyohuyo alivaa viatu Tokyo mwaka 1964 akashinda tena, kwa muda mfupi zaidi.

Sasa mama mkwe. Kichomi huletwa na vijidudu, si na baridi ya ardhi. (Na kwa watoto wadogo, moshi wa jiko la kuni huongeza hatari hiyo, kwa hiyo bibi anayetazama miguu ya mjukuu atazame pia dirisha la jikoni.) Hata hivyo bibi zetu hawakuwa wakisema ovyo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 180. Nusu yao waliketi na miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na nusu nyingine waliiweka katika beseni tupu. Siku chache baadaye, 13 kati ya wale 90 wa maji baridi walisema wamepata mafua, na 5 tu kati ya 90 wengine. Watafiti walieleza kwamba huenda miguu ikipoa mishipa ya damu ya pua hujibana, na vijidudu vilivyokuwa vimejificha vikapata nafasi.

Angalieni jambo moja, akina mama: watu wale walikuwa wameketi. Anayekimbia mwili wake hutoa joto. Kwa hiyo mimi namwogopea mtoto huyu zaidi anapofika, anapoingia darasani na miguu iliyolowa umande, akakaa hadi saa nne juu ya sakafu ya saruji, jasho likimkaukia mgongoni. Mtilie mkobani kitambaa kikavu na soksi. Akifika tu ajifute hadi katikati ya vidole, avae soksi na vile viatu vyake. Sweta alivue anapoanza kupata joto njiani na alivae tena anapofika. Wengi wao hufanya kinyume chake.

Hatari ya pili ni ganzi. Mwili ukipata baridi hupunguza damu inayokwenda miguuni ili kulinda moyo na mapafu, na mguu hupoteza hisia. Mtoto hukanyaga msumari au kisiki asijue mpaka aone damu. Kila jioni mwoshe na umtazame nyayo kwenye mwanga: mwiba, funza, mipasuko ya magaga. Mpake mafuta ya mgando usiku, maana ngozi kavu hupasuka upesi zaidi. Jeraha la kuchomwa lenye kina lipelekwe zahanati siku hiyohiyo ili waangalie chanjo yake ya pepopunda. Na kamwe mguu wenye ganzi usiwekwe karibu na moto! Ngozi huungua mtoto akiwa anacheka tu. Tumia maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wake.

Asubuhi ya barafu nyeupe avae viatu njia nzima, hapo sikubali ubishi, hata kama timu inamsubiri. Siku nyingine kuna njia ya kati ambayo wazee wetu waliijua, katambuga za tairi. Soli yake huzuia mwiba, na kidole hubaki huru. Huko Ulaya na Marekani watu wananunua viatu vyembamba vya aina hiyo kwa fedha nyingi, na mwaka 2014 kampuni ya Vibram ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai ya faida za viatu vyake. Ndala hazifai kukimbilia, maana vidole hukaza muda wote kuzishika. Mabuti ya mpira huchubua.

Kuhusu majirani, naelewa kwa nini yanauma. Katika Luka 15 baba anaagiza mwanawe aliyerudi avikwe viatu, kwa kuwa kiatu kilikuwa heshima ya mwana nyumbani. Lakini mtoto huyu heshima yake imo mkobani, imenunuliwa kwa viazi vya mama yake, na majirani hawana haja ya kuhesabiwa.

Ongea na baba yake mkiwa wawili, usiku, kabla hujamjibu mama mkwe. Mkubaliane siku zipi peku na siku zipi viatu, kisha baba ndiye aende kumweleza mama yake. Mtoto akikohoa huku akipumua haraka, akiwa na homa au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msisubiri kujua nani alikuwa sahihi, nendeni hospitali.