Hoteli ya Ufukweni Kaione Mwezi wa Mei

Leo tukae kitako tuzungumze habari ya pesa, tena si pesa za mchezo bali kiinua mgongo, zile ambazo mtu huzipata mara moja tu maishani na zikienda hazirudi.

Huenda wewe ni mmoja wa wale waliokwenda Lamu likizo ya Desemba. Ukapanda mashua pale Shela, ukatupa mshipi, ukapata nguru mmoja na kolekole wawili, na jioni ukiwa umeketi barazani ukauliza, "Nyumba ya wageni kama hii huuzwa kiasi gani?" Swali hilo halikosi mtu wa kulijibu. Utaambiwa iko moja ya vyumba 5, paa la makuti, boti na injini yake, na mwenyewe amechoka. Hapo moyo huanza kwenda mbio, na mama watoto naye ameshaanza kuchagua rangi ya mapazia.

Sikukatazi, msomaji wangu. Wapo waliofanikiwa. Hoteli ya Peponi pale Shela ilifunguliwa na familia moja mwaka 1967, na leo jina lake linajulikana mbali. Lakini wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Ushauri wangu ni mmoja tu: usitoe pesa kwa ajili ya ulichokiona Desemba. Rudi mwezi wa Mei ukakione tena.

Kwa nini Mei? Kwa sababu wageni wa mshipi hufuata upepo. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, bahari hutulia na boti hutoka nje ya miamba kuwatafuta sulisuli na jodari. Kusi ikianza kuvuma na masika yakanyesha, mawimbi ya nje huwa si ya mchezo, na hoteli nyingi hufunga milango. Mei ndipo utakapoona makuti yanavuja wapi, injini imeliwa na chumvi kiasi gani, na ni wafanyakazi wangapi bado wanangoja mshahara.

Tufanye hesabu ya mfano. Una vyumba 5 na msimu wa siku 120. Ukijaza nusu tu, umeuza malazi 300. Tuseme kila moja, baada ya chakula na dobi, linakuachia shilingi 6,000: hizo ni 1,800,000. Mlinzi, mpishi, nahodha na mtu wa usafi, kila mmoja kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ni 960,000 kwa mwaka. Umebaki na 840,000. Kama ulikopa benki milioni 3 kwa riba ya asilimia 15, toa 450,000 nyingine. Zimebaki 390,000, na kwa hizo ulipe leseni, utengeneze boti na ubadilishe makuti, na deni lenyewe hujaligusa. Ukumbuke kwamba kila mfuko wa saruji hufika Mokowe kwa lori, huvuka maji kwa mashua, kisha hupanda mgongoni mwa punda, na kila hatua ina malipo yake. Kwa hiyo mwambie anayeuza akuonyeshe madaftari ya miaka mitatu, mwezi kwa mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na hiyo ni hesabu ya mwaka mwema. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa katika hoteli moja karibu na Kiwayu. Wiki chache baadaye, Oktoba 1, mama mmoja Mfaransa alitekwa kisiwani Manda, naye akafia mikononi mwa watekaji. Juni 2014 yakatokea mauaji ya Mpeketoni, ikafuata amri ya kutotoka nje usiku. Hata wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Aliyekuwa na akiba ya mwaka mzima alifunga mlango akangoja. Aliyekuwa na deni hakuwa na nafasi ya kungoja.

Jambo la pili ni maji, na hili ndilo la pekee usilongoje Mei, kwa maana mvua hukitia kisima utamu wa muda. Yaonje mwezi wa Machi, kiangazi kikiwa kimekaza. Kama nyumba iko Manda, uliza maji ya kunywa hutoka wapi na huletwa kwa bei gani. Palepale Manda kuna magofu ya Takwa, mji uliokuwa na msikiti na ukuta wake, ukahamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa sana ni visima kuingia chumvi. Ikiwa mji mzima ulishindwa, vyumba vyako 5 vitasalimika vipi?

Tatu ni ardhi. Nenda mwenyewe kwa msajili wa ardhi, usitume mtu, ukahakikishe hatimiliki ni ya nani na kama imewekwa rehani. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za ekari 500,000 katika kaunti hiyo, kwa hiyo karatasi yenye muhuri peke yake isikulaze usingizi. Halafu ujue mpaka wako unapoishia. Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ufuo ulioonyeshwa kwenye picha huununui. Na Katiba hiyohiyo haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, muda usiozidi miaka 99. Jambo hili wakumbushe wanao walioolewa ughaibuni.

Kuhusu ufuo huo, Mei utawakuta wenyewe. Utaona wazee wanapaka madau yao mafuta, vijana wanashona nyavu, na mama anangoja samaki wa kukaanga. Walikuwapo kabla ya hoteli. Usiwawekee ua. Kaa nao, uliza wanapandisha vyombo wapi, mpe kazi nahodha wa hapohapo anayejua bamvua na maji mafu, na samaki wa jikoni nunua kwao. Siku wageni watakapokosekana, hao ndio watakaokulindia nyumba.

Mwisho ni neno la ndani ya nyumba. Mume asiamue peke yake, wala mke. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka mwenzi akubali kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na wako wanaoichukulia saini hiyo kama jambo la kupitisha tu. Mama, kabla hujatia saini, uliza swali hili: msimu mmoja ukipotea, tutalala wapi? Kama jibu ni "Mungu atajalia", kalamu iweke chini kwanza. Mungu hujalia, naam, lakini benki huleta barua.

Basi, ukishaiona nyumba ile imelowa, haina mgeni hata mmoja, bahari inanguruma na mlinzi anakuuliza mshahara, na bado ukaipenda, na akiba ya mwaka mzima unayo, inunue kwa amani. Siku hiyo utanialika, nami nitakuja na mshipi wangu.

Tukutane Jumapili ijayo panapo majaaliwa.