Nahodha Apewe ya Mafuta Kwanza

Kila Agosti na Desemba zikikaribia kuna swali ambalo huja sana: "Nimepata boti ya kutuzungusha visiwani, mwenyewe anataka nusu ya pesa kabla hatujaondoka. Nimpe au nisimpe?" Jibu ambalo wengi wetu hupeana ni moja tu: usitoe hata shilingi, lipa ukirudi salama. Hata mimi nilikuwa nikilipeana jibu hilo, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Nililiacha baada ya safari moja ya Lamu ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu kidogo.

Tulikuwa watano, marafiki wa chuo, kila mtu na begi lake la mgongoni. Tulipanda basi Mombasa alfajiri, tukashuka Mokowe, tukavuka kwa boti hadi mji wa Lamu. Siku ya kwanza tulienda Manda kuona magofu ya Takwa, mji ambao wenyewe waliuhama karne ya 17. Kufika huko kwa boti unapita mkondo wa mikoko, na mkondo huo unapitika maji yakiwa yamejaa. Sisi tulisimama gatini karibu saa nzima tukibishana na kijana wa boti juu ya shilingi mia mbili. Tukashinda. Halafu tukatembea kwenye matope hadi magotini wakati wa kurudi kwa sababu maji yalikuwa yameshaondoka. Hapo ndipo tungejifunza kitu, lakini wapi.

Jioni hiyo tukapata nahodha wa safari kubwa: Lamu hadi Siyu kwenye kisiwa cha Pate, tulale huko, kesho yake Kiwayu, siku ya tatu turudi. Mashua yenye tanga na injini ndogo, yeye na baharia mmoja, na chakula cha njiani. Tukakubaliana 32,000, na kusema ukweli ilikuwa bei nzuri. Akaomba nusu usiku ule ili anunue mafuta, maji na vyakula.

Tukakataa. Si unajua zile hadithi? Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu alikuwa ametuma elfu kumi na tano kwa namba aliyoiona Facebook, akafika Pwani namba imezimwa. Kwa hivyo tukajiona wajanja, tukampa mzee wa watu 3,000 "za kuonyesha nia". Akazitazama, akasema, "Haya wanangu," akaondoka. Tulikuja kujua baadaye kwamba alienda kukopa mafuta kwa jina lake.

Ilikuwa Julai, kusi linavuma. Hili ni jambo ambalo sisi watu wa Nairobi hatulifikirii tunapopanga bajeti. Kusi hutoka kusini, na Kiwayu iko kaskazini mashariki mwa Lamu. Kwenda, upepo unakusukuma na injini inapumzika. Kurudi, unaupanda upepo na injini inakunywa mafuta kama haina akili. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: kwenda ndiyo shida, kurudi ni raha. Yaani safari ile ile, bei ile ile, lakini mahitaji ya mafuta si yale yale, na anayejua hesabu hiyo ni nahodha, si wewe na kalkuleta ya simu yako.

Siyu ilikuwa tamu. Tuliona ngome ya karne ya 19, tukala samaki, tukanunua ndara za ngozi. Kiwayu nayo sina maneno. Siku ya tatu ndiyo mambo yakachacha. Tukipita upande wa Faza, nahodha akasema lazima tuongeze mafuta, akaomba 5,000 kutoka kwa ile pesa yake iliyobaki. Pesa yote ya safari ilikuwa kwenye simu yangu. Wenzangu wanne walikuwa wamenitumia kila kitu tukiwa Nairobi kwa sababu mimi ndiye "mtu wa pesa". Na simu yangu ilikuwa imezima. Pawabenki ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Tukatoboa mifuko yote mitano, ikatoka shilingi 850.

Tukashuka, tukaomba kuchaji dukani. Nusu saa. Simu ikawaka, nikaenda kwa wakala. Wakala hana noti. Wavuvi walikuwa wamepita asubuhi wakatoa zao, akabaki na floti nyingi kwenye simu na sanduku tupu. Muuza mafuta naye anataka noti. Nikasimama pale na zaidi ya elfu ishirini kwenye simu, nikashindwa kununua mafuta ya elfu tano. Mwishowe nahodha akaenda kuongea na mwenye mafuta kando, akarudi na mtungi. Amekopa tena. Kwa ajili yetu, sisi ambao hatukumwamini na nusu.

Huku maji hayangoji mtu. Kutoka Pate kurudi Lamu kwa njia ya ndani unapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, na chombo hupita pale maji yakiwa yamejaa. Tulipofika yalikuwa yameshapwa. Tukakaa kwenye mashua saa tano tukingoja yapande. Giza likaingia.

Hapo gizani ndipo nilipomuuliza, "Ami, kwa nini hukutulazimisha kulipa?" Akaniambia kwamba mwaka huo kulikuwa na wageni, Wakenya kama sisi, walimlipa kwa simu mbele yake kabisa. Ujumbe ukaingia, akashukuru, akawashusha gatini. Kabla hajamaliza kufunga kamba za chombo, ujumbe mwingine: muamala unarudishwa. Walikuwa wamepiga simu kusema wamekosea namba. Ilimchukua siku kadhaa kufuatilia, na yeye ni mtu wa baharini, siku moja nchi kavu ni siku moja bila kula. Kwa hivyo na yeye alikuwa akituogopa sisi, kama vile sisi tulivyokuwa tukimwogopa yeye. Tofauti ni kwamba yeye alitupeleka.

Sasa maoni yangu ndiyo haya, na najua kuna watakaobisha. Nahodha apewe ya mafuta kwanza. Sisemi umtumie pesa mtu usiyemjua ukiwa bado uko Thika au Nakuru. Hiyo hapana, hata kama picha zake za boti zinang'aa namna gani. Lakini ukishafika, ukaiona mashua kwa macho, ukawauliza wenye boti wengine wawili watatu pale gatini kama ni yake kweli, basi ile theluthi au nusu ya mafuta na vyakula si "deposit" ya kuogopwa. Ni gharama ya safari yako wewe. Usipoitoa, mtu mwingine anaitoa kwa niaba yako, na mara nyingi ni mtu mwenye pesa kidogo kuliko wewe.

"Je, akitoroka?" Atorokee wapi? Chombo chake kimefungwa pale, watoto wanakijua kwa jina. Anayetoroka kwa kawaida si nahodha, ni dalali: yule kijana mchangamfu anayekupokea ukishuka, anayesema boti ni ya mjomba wake. Sina vita na madalali, wengine ni waaminifu na wanafanya kazi kweli ya kuwatafutia wenzao wateja. Ila pesa ya mafuta isipitie kwao. Muulize nahodha mwenyewe inaingia kwa namba gani, na kabla hujakamilisha malipo soma jina linalotokea kwenye simu. Kama unaongea na Ali na jina ni la Kevin, simama hapo hapo uulize. Huenda ni laini ya mwanawe. Huenda siyo.

Salio ligawe mara mbili kama safari ni ya siku kadhaa: sehemu mkifika mbali zaidi, ya mwisho mkirudi. Sisi sasa huwa tunaandika kwenye karatasi, nusu ukurasa tu: bei, inajumuisha nini, upepo ukikataa na tukalala usiku mmoja zaidi nani analipa nini. Ile ya mwisho ndiyo huleta vita kuliko zote.

Kuhusu kurudisha muamala niseme wazi bila kupaka asali. Huduma ile iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba, akatuma kwa mgeni asiyemjua. Haikuwekwa kwa mtu aliyeona bei ni kubwa baada ya kushuka. Ukimrudishia nahodha, mama wa viazi au mtu wa boda malipo ya huduma uliyoshaipokea, umeiba. Ukiwa na ubishi wa bei, bishana ukiwa umesimama mbele yake. Na wewe unayelipwa, ngoja ujumbe uingie kwenye simu yako mwenyewe. Usikubali kuonyeshwa skrini ya mteja. Kama kazi yako ni ya kila siku, omba till: kuna jina la biashara, rekodi inabaki, na mteja hawezi kuirudisha kimya kimya kwa kupiga simu moja.

Halafu ile hadithi ya "mtu wa pesa". Jamani, tuache. Kuchanga kwa mtu mmoja ni rahisi, lakini visiwani simu moja ni kitu kimoja tu cha kuanguka majini. Siku hizi tukichanga tunagawa kwa watu wawili wenye laini za mitandao tofauti, na wa tatu anabeba noti.

Ndiyo, noti. Naandika kwenye kampuni ya malipo ya simu na bado nakwambia ubebe noti. Ukishatoka mji wa Lamu kuelekea Pate na Kiwayu, kuna sehemu mtandao unapotea, kuna mawakala wanaoishiwa, na kuna wauzaji ambao wao wenyewe wanahitaji taslimu kununua mzigo. Toa Lamu mjini, utoe mara moja. Ada ya kutoa huenda kwa viwango, kwa hivyo ukitoa mia tano mara nne unakatwa zaidi kuliko ukitoa elfu mbili kwa mpigo. Omba noti ndogo. Noti ya elfu moja kwa mtu anayeuza mahamri ni usumbufu, si pesa. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, na nyingine kwenye begi la mwenzako.

Kiwayu iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, na ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen. Maliza hiyo ukiwa bado una mtandao, uhifadhi risiti kwa picha. Na kwa kuwa upande ule unaelekea mpaka wa Somalia, uliza hali ya usalama kabla ya kufunga safari, na kitambulisho kiwe mfukoni, kwenye basi la kwenda Mokowe pia utakihitaji. Kama bajeti yenu ni ndogo kuliko yetu, si lazima mkodi chombo: kuna boti za abiria za Lamu hadi Pate na Faza. Zinaondoka kwa kufuata maji, na maji ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo saa ya jana usiitegemee leo.

Lingine dogo linaloniudhi. Mnakubaliana bei, unamtumia kwa namba yake ya kawaida, halafu anakwambia "na ya kutolea?" nanyi mnaanza kununa. Ana haki ya kuuliza. Akitoa anakatwa, na kule anatoa karibu zote kwa sababu anayemuuzia mafuta anataka noti. Liongeleeni wakati wa kupatana bei, dakika moja tu, liishe.

Sisi tulifika Lamu usiku mkubwa, tukamlipa yote, na ya kutolea, na deni la Faza. Nilimpigia mwezi uliopita nikamwambia Januari tunarudi, na safari hii nusu naituma mapema kabisa. Akacheka. Akasema nisitume chochote bado. Kwanza nimpe tarehe, auangalie mwezi, ajue maji yatakuwa vipi Mkanda siku hiyo, na kaskazi ikiwa kali pengine tutabadilisha njia. Ya mafuta tutaongea gatini, jioni ya kuamkia safari.