Risiti, Bangi na Ukimya wa Serikali
Serikali imetufundisha kudai risiti. Haikutueleza kwamba karatasi ile nyororo ya mashine ya EFD haichapwi kwa wino: herufi zake hutokezwa na joto juu ya tabaka la kemikali, na mara nyingi miongoni mwa kemikali hizo imo bisfenoli. Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2020, umeweka kikomo cha asilimia 0.02 ya bisfenoli A katika karatasi za aina hiyo, na hofu yake kubwa ilikuwa wajawazito wanaozishika tu kazini. Kwetu, kijana asiye na karatasi ya kusokotea bangi hutumia kilichopo: gazeti, ukurasa wa daftari, hata risiti hiyo hiyo. Yeye haishiki tu. Huichoma na kuivuta.

Najua nitakavyojibiwa: bangi imeharamishwa na sheria ya mwaka 2015, basi asivute. Sibishi. Moshi wa bangi wenyewe una lami na monoksidi ya kaboni, wala hakuna karatasi ya kuutakasa. Lakini taifa hili hili lilianzisha tiba ya methadoni Muhimbili mwaka 2011, likakiri kwamba mtumiaji wa heroini ni mgonjwa anayestahili kuishi. Mvuta bangi wa kijiweni amenyimwaje hata sentensi moja ya tahadhari? Mabango humtisha kwa pingu na wazimu (wazimu zaidi, nadhani, kwa kuwa huchorwa kwa urahisi). Sijaona hata moja linalomkataza kuvuta risiti. Afisa afya wa kata angeweza kulisema hilo kesho asubuhi, bila kulisubiri Bunge.