Askari Wapelekwe Kwenye Kuta za Kale, Wakayaone Malango

Mtu akisimama Mahoko siku ya soko hana haja ya kuambiwa kwamba, wakati wa amani, kazi kubwa ya askari ni lango. Barabara itokayo Musanze hupita hapo kabla ya kuteremka Gisenyi. Malori ya viazi, baiskeli zilizopakiwa kabichi na karoti, akina mama wenye vikapu vichwani, wote hao, kabla jua halijatua, watakuwa wamepita mbele ya askari mmoja au mwingine: wa usalama barabarani, wa zamu ya kambi, au wa mpakani. Wengine safari yao huishia Petite Barrière, ambako, mpaka unapokuwa wazi, watu kwa maelfu huvuka kwa miguu baina ya Gisenyi na Goma. Ni askari wangapi kati yetu watakaopata kuvamia ngome katika maisha yao? Wachache mno. Lakini hakuna hata mmoja asiyepata kusimama langoni.

Ukuta wenyewe askari anaujua. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kuupima kwa macho, kuutafutia pembe isiyoonekana na adui, kuupanda, kuuvuka, na ikilazimu kuubomoa. Lango lilikuwa jambo la zamu tu: nani asimame, silaha aishike vipi, na katika kitabu aandike nini. Mambo hayo yana maana yake wala siyabezi. Ila sikumbuki hata siku moja kuulizwa lango huwekwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo naleta shauri mbele ya makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi. Kila kombania, walau mara moja kwa mwaka, ipewe siku moja nzima ya kutembea kandokando ya ukuta wa kale, ikiongozwa na raia anayeufahamu ukuta huo. Nasema kutembea, wala si kukimbia na mizigo mgongoni; nasema tena kuongozwa, yaani mwongozaji atangulie na afande afuate.

Kwa sisi wa nchi za Maziwa Makuu, mahali panapofaa kuliko pote ni Thimlich Ohinga, magharibi ya Kenya, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Jina hilo katika Kijaluo ni kama kusema msitu mnene wa kutisha. Hapo pana maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Jiwe hushikwa na jiwe jenziwe, basi. Wataalamu wanakadiria kwamba ujenzi ulifanyika katika karne ya 16. Kuta zina kimo cha baina ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wake kwa wastani ni kama mita moja. Boma lililo kubwa huitwa Kochieng. Maboma ya namna hiyo yaliyohesabiwa katika sehemu zile za ziwa yanapita 500, lakini haya ndiyo makubwa na yaliyosalimika kuliko yote, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mpeleke askari mahali hapo peke yake, uone atakachokitazama. Atatazama kimo, atatazama mahali palipoinama, atauliza maji yalitoka wapi, kisha atasema kwamba boma hili angelitwaa kwa platuni moja kabla ya kifungua kinywa. Nimewasikia maafisa wakisema hivyo mbele ya magofu zaidi ya mara moja. Hesabu yao pengine ni sahihi, lakini ni hesabu ya mtu aliye nje ya ukuta. Watu waliokaa mle kwa karne na zaidi hawakuishi nje ya ukuta.

Mwongozaji mwema humkomesha mgeni langoni. Malango ya Thimlich ni mafupi na membamba. Mtu mzima hapiti ila kwa kuinama, na karibu na lango palikuwa na mahali pa mlinzi. Maana yake kijeshi haihitaji maelezo marefu: mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki, na mlinzi huiona shingo yake kabla ya kuuona uso. Hapo ndipo askari wengi hutikisa vichwa kwa kuridhika na kutaka kuendelea mbele. Yafaa wazuiwe hapo hapo, waulizwe swali moja: je, katika mwaka mmoja, ni nani aliyeinama mara nyingi kuliko wote mbele ya lango hili?

Jibu si adui. Adui, kama alikuja, alikuja mara moja au mbili, tena usiku. Aliyeinama asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, alikuwa mwenye mji: mwanamke aendaye mtoni, mtoto arudiye na mbuzi, mzee atokaye kwa jirani. Mzigo wa lango waliubeba watu wale wale ambao lango liliwekwa ili kuwalinda. Nao waliukubali, kwa kuwa mlinzi aliyekaa pale alikuwa mtoto wao, aliwajua kwa majina, wala hakuifanya ile haja ya kuinama kuwa aibu juu yao.

Sasa urudi nasi Mahoko. Mfanyabiashara wa magendo hupita njia yetu mara moja, naye huipitia porini. Mama wa karoti hupita kila siku, njia kuu, mchana kweupe. Ni yeye anayefunguliwa kikapu, ni yeye anayesubiri juani mpaka askari amalize mazungumzo yake ya simu. Sisemi asikaguliwe, ukaguzi ni amri, na amri ina sababu yake. Nasema kwamba askari aliyeinama mwenyewe mara tatu katika lango la Thimlich, akajigonga kichwa mara ya pili kama ilivyo desturi ya warefu, atamkagua mama huyo kwa namna nyingine. Jambo hili halifundishiki kwa ubao na chaki. Mgongo hujifunza upesi kuliko sikio.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maboma ya wafugaji, na kwamba jeshi la kisasa halina la kujifunza kwayo. Basi na tulitazame jeshi lililosifiwa katika vitabu vyote vya vita. Mwaka 122 Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe ukuta wa kukata kisiwa cha Uingereza toka bahari hadi bahari, urefu wa kilomita zipatazo 117. Waliojenga ni askari wenyewe, wa lejioni tatu. Leo kuna njia rasmi ya miguu inayoufuata, iliyofunguliwa mwaka 2003, na watu hutoka pande zote za dunia kuja kuitembea, wengine kwa siku moja, wengine kwa wiki nzima. Mwafrika asidhani kwamba anatazama mambo ya wengine tu. Katika karne ya 3 kikosi cha Wamauri kutoka Afrika ya Kaskazini kilikuwa na kambi Aballava, mwisho wa magharibi wa ukuta huo. Na Kaisari Septimius Severus, aliyekuja kuutengeneza ukuta na kufia mjini York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, katika nchi iitwayo leo Libya.

Linalomshangaza mtembeaji wa ukuta ule ni wingi wa malango. Kwa kila maili ya Kirumi, yaani kiasi cha kilomita moja na nusu, palijengwa ngome ndogo, na karibu kila ngome ilikuwa na lango la kutokea upande wa pili. Ukuta wa kuzuia watu wote usingehitaji hata moja. Wenye elimu wangali wanabishana juu ya shabaha ya Hadrian, lakini mawe yenyewe yanaonyesha kwamba watu walitazamiwa kupita. Miaka ilivyosonga, baadhi ya malango yalizibwa na mengine yakapunguzwa hata yakatosha mtu wa miguu tu. Anayelijua lango letu la wendao kwa miguu pale Gisenyi hatapata shida kulitambua jambo hilo.

Kusini kidogo ya ukuta huo ipo kambi ya Vindolanda, ambako tangu mwaka 1973 zimekuwa zikifukuliwa barua zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mti. Baadhi ni za miaka ya kabla ya ukuta. Kila sajini mwenye kushika daftari la kikosi angependa kuziona. Kimo kibao cha hesabu ya nguvu ya kikosi kimoja: askari 752 kwa jumla, walio nje ya kambi kwa kazi mbalimbali 456, waliobaki 296, na kati yao 31 hawafai kazi, 15 wagonjwa, 6 majeruhi, na 10 wenye maradhi ya macho. Miaka zaidi ya 1,900 imepita, na bado kamanda wa kambi hakuwa na nusu ya watu aliopewa katika karatasi!

Lakini kibao ninachotaka askari na polisi wakisikie ni kingine. Ni rasimu ya malalamiko ya raia mmoja, ambaye kwa dalili zote alikuwa mfanyabiashara. Anasema kwamba alipigwa kwa fimbo hata akatoka damu, ilhali hana hatia, naye ni mtu aliyetoka ng'ambo. Anaeleza kwamba alijaribu kuwaona wakubwa wa mahali pale, hakufanikiwa, na sasa anamwomba mkuu aliye juu kabisa. Wako wataalamu wanaodhani kwamba aliyekusudiwa ni Hadrian mwenyewe. Kibao hicho kiliokotwa ndani ya kambi.

Mimi ambaye kazi yangu ni kupokea malalamiko ya raia na kuandaa majibu, nilipoyasoma maelezo ya kibao hicho niliyarudia mara mbili. Hatuna jibu la jeshi. Hatuna taarifa ya uchunguzi. Kilichosalia ni lalamiko peke yake, limekaa udongoni karne kumi na tisa likingoja msomaji. Ningependa askari wetu wakisikie kisa hicho wakiwa wamesimama kando ya mawe, wala si katika hotuba ya afisa uhusiano, ambayo wote tunajua husikilizwa kwa jicho moja.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba askari si mtalii. Ni kweli, lakini mtalii huenda kutazama, na askari huyu anapelekwa kujifunza kazi yake. Ya pili ni fedha. Safari ya kombania nzima kutoka Rubavu hadi Migori ni gharama, na sitaki kuificha. Hata hivyo majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana katika mazoezi ya Ushirikiano Imara na katika michezo ya kijeshi, kwa zamu, katika nchi wanachama. Inapofika zamu ya Kenya, siku moja ya kwenda Migori ni nyongeza ndogo. Pingamizi ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu: kwamba haipendezi afisa kuongozwa na raia mbele ya askari wake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda. Askari akimwona kapteni wake akimwuliza raia swali, akanyamaza kulisubiri jibu, amepata somo ambalo halimo katika ratiba yoyote.

Wala hapana haja ya kungoja zamu ya Kenya. Kaskazini ya Mahoko, kwenye miguu ya milima ya volkano, uko ukuta ambao si wa kale, lakini ufundi wake ni ule ule wa Thimlich. Ni ukuta wa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, urefu wake zaidi ya kilomita 70, ukiufuata mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Volkano ili nyati wasishuke kula viazi na mahindi ya wakulima. Wageni waendao kuwatazama gorila wa milimani huuvuka, aghalabu bila kuutazama mara mbili. Wanavijiji ndio walioujenga, na wengi wa walioyapanga mawe yake wangali hai. Mwongozaji gani bora kuliko huyo? Jiwe moja likianguka, nyati hulijua pengo kabla ya mtu yeyote. Kwa hiyo ukuta huo husimama kwa sababu kuna majirani wanaopita kila mara na kuyarudisha mawe. Maboma ya Thimlich nayo yaliokoka kwa njia hiyo hiyo, maana watu waliofuata baada ya wajenzi wa kwanza waliendelea kuyakarabati, kizazi baada ya kizazi.

Hapo pana onyo kwa sisi wenye viatu vizito. Ukuta usio na saruji hauogopi mvua wala jua kama unavyomwogopa kijana wa kilo 80 aliyefunzwa kurukia vizuizi. Akiukanyaga juu, mawe ya juu hulegea, na yakishalegea hayana cha kuyashika. Basi amri ya kwanza ya safari iwe hakuna apandaye, hakuna akaliaye, na hakuna aondokaye na jiwe kwa ukumbusho wala kwa jiko la kambi. Silaha zibaki ghalani. Kiingilio na ujira wa mwongozaji vilipwe kamili, kwa kuwa sare si tikiti.

Kuhusu idadi, kombania nzima nyuma ya mwongozaji mmoja haifai; walio mkiani hawatasikia neno. Igawanywe kwa sekisheni, kila moja na mwongozaji wake, zikipishana nusu saa. Kwa ukuta wa volkano ningechagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi: asubuhi askari washiriki umuganda pamoja na wanakijiji, wakirudisha mawe yaliyoanguka chini ya maelekezo ya wenye ufundi, na alasiri watembee. Kila mtu abebe maji na chakula chake, na koti la mvua pia, maana alasiri za huko juu si za kuaminiwa.