Mzee Alijua, Ila Hakusema

Mwaka jana nikiwa fildi kwenye saiti moja ya hosteli, nilihudhuria kikao cha kuamua tangi la maji la chini ya ardhi lichimbwe wapi. Tulikuwa watu wanane. Injinia mshauri akaanza: kona ya chini, ndiyo iliyo karibu na bomba la mtaa, gharama itapungua. Akauliza, "Kuna mwenye wazo tofauti?" Kimya. Ndani ya dakika kumi tumeshamaliza.

Mvua za masika zilipoanza, shimo likajaa maji, kingo zikaporomoka, kazi ikasimama wiki mbili. Fundi mkuu, mzaliwa wa mtaa uleule, akaniambia, "Mwanangu, kona ile maji yanatuama tangu mimi mtoto." Nikamuuliza, "Sasa mzee, mbona hukusema?" Akacheka. "Injinia akishasema, mimi nani?"

Tunasema penye wazee haliharibiki neno. Pale mzee alikuwepo, na neno likaharibika.

Ndiyo maana nataka programu za kusaidia maamuzi ya kikundi zitumike kwenye ujenzi. Chukua AHP, njia aliyoibuni Thomas Saaty huko Marekani miaka ya 1970. Kila mjumbe analinganisha vigezo viwili viwili, tuseme hatari ya maji na gharama, kwa alama 1 hadi 9. Alama 1 maana yake vina uzito sawa. 9, kimoja kinakizidi kingine kwa mbali sana. Kila mtu anaingiza alama zake kwa simu, bila jina, kabla bosi hajafungua mdomo. Programu inapiga hesabu ya uzito wa kila kigezo, na mtu akijipinga mwenyewe inamwonyesha.

Lakini tusidanganyane. Rudi kwenye kikao chetu. Watu saba wanaweka 1, mzee peke yake anaweka 9. Kwa kawaida alama hizo huunganishwa kwa wastani wa kijiometri, na jibu linakuja kama 1.3 hivi. Onyo la mzee limemezwa tena, safari hii na grafu ya rangi. Na kubisha kutakuwa kugumu zaidi, maana eti "kompyuta imesema"!

Kwa hiyo mimi nadai hivi: skrini ionyeshe alama zote kabla ya wastani. Ile 9 ikitokeza peke yake, aliyeiweka aandike sababu yake, bado bila jina. Isomwe, ijadiliwe, kisha watu wapige alama upya. Kazi ya kompyuta iwe kutuonyesha tunapotofautiana. Kuamua ni kazi yetu.

Wenzangu, tuanze na vikundi vyetu vya projekti, ambako mwenye laptop ndiye injinia mshauri na wengine tunaitikia tu. Jedwali la Excel linatosha. Tukizoea hapa, siku tukikalia kiti cha mbele saiti, fundi hatasubiri masika zipite ndipo atuambie.