Zebaki ya Dhahabu: Nani Atasafisha?



Huko Macalder, Migori, wachimbaji wadogo hunasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma motoni. Mvuke wake huingia mapafuni. Maji machafu huzama udongoni, na mvua huyasukuma mtoni hadi ziwani, wanakovua ndugu zetu wa Homa Bay. Zebaki haiozi, udongo ukiisha kuinywa, dawa mojawapo ni kuuchimba na kuuhamisha.

Mkataba wa Minamata wa 2013 wataka uchomaji wa wazi ukomeshwe. Lakini sisi wa reli twajua: tenki likivuja, hufagia kibarua, na faida imekwisha kwenda kwa mwingine.

Basi twasema: wanunuzi wa dhahabu walipie vyombo vya kunasa mvuke, na usafishaji pia. Mchimbaji asinyang'anywe kazi, apewe iliyo salama.