Mbele ya Kutuma Mutoto ku Karyeri, Tumuulize Anapenda Kazi Gani

 

Mu likizo kubwa iliyopita tulifika Sandoa, sisi watatu wa sendika, juu ya kilio cha muzee mumoja. Alitumika Kolwezi miaka mingi, akachoka, akarudi mukini kulima mihogo yake. Kisha maziko, watu wa jamaa walikaa chini ya mwembe kuzungumza mambo ya watoto wenye walibakia. Wa kwanza ni kijana wa miaka 17. Alikuwa bado na mwaka moja ya masomo mbele ya egzame deta. Sandoa yote inamujua: radio ikinyamaza, wanamupelekea. Pano ya jua ikikataa kuwasha taa, wanamuita. Hakuna mutu alimufundisha. Alianza na radio ya baba yake, akaifungua, akapigwa juu yake, akaifungua tena.

Mujomba wake, mwenye alitoka Kolwezi, alisema hivi: « Radio haijazi sahani ya bukari. Mutoto aende na mimi ku karyeri. Siku moja ya mawe inalipa kuliko radio za mwezi muzima. » Mama alinyamaza. Kijana aliangalia chini. Wakageuka upande wetu: « Ninyi watu wa sendika, munasema nini? »

Siku ile tulisema maneno kidogo tu, kwa sababu ilikuwa kilio. Lakini ile ulizo si ya nyumba moja. Iko Sandoa, iko Kapanga, iko Dilolo, iko mu kila kamati ya jamaa hapa Kolwezi wakati masomo inaisha. Njo maana tunaandika leo.

Kuko watu wenye wanaambia vijana: fuata roho yako, fanya kazi yenye unapenda, franga itakuja nyuma. Tunasikia ile maneno ku radio na mu mafundisho ya wageni wenye wanakuja na gari nzuri. Ni maneno matamu, lakini mwenye kuisema amekwisha kula. Mutoto wa mujane, mwenye wadogo wanne wanamuangalia, hawezi kufuata roho tu kama mutu mwenye baba yake anamulipia nyumba na masomo mpaka miaka 25.

Kuko na wengine, na hawa ni wengi kati yetu, wenye wanasema: mapendo ya mutoto ni muchezo, mugodi njo kazi. Hawa pia tunawakatalia. Tunajua kama wanasema vile kwa woga, na ule woga una sababu. Lakini wanaamini kitu chenye hakiko tena.

Tukumbuke. Babu zetu waliingia Union Minière, kampuni yenye ilianza mu 1906. Waliondoka mikini, wakapewa nyumba ya kampi, posho ya kila juma, hospitali, masomo ya watoto. Mu 1967 kampuni ikakuwa ya serikali, kisha tukaizoea kwa jina la Gécamines. Baba zetu walisema: ukiingia Gécamines, umeingia mpaka uzee. Katikati ya miaka ya 1980 ilitosha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Halafu mugodi wa chini wa Kamoto ukaanguka mu 1990, vita na siasa zikaongeza, na kisha miaka kidogo tu tani hazikufika hata 50,000. Watu walikaa miezi mingi bila mushahara. Mu 2003 ikakuja ile kuondoka yenye waliita « ya kupenda »: watumishi 10,655 walichukua franga zao za mwisho na kurudi ku nyumba. Wengi walikuwa na miaka 50 na zaidi. Walijua kazi moja tu, na ile kazi haikuwataka tena.

Na kampuni mupya? Mu 2019 mugodi mukubwa wa Mutanda ulisimamishwa, juu bei ya kobalti ilianguka kule mbali kwenye hatufiki. Mu Februari 2025 serikali yetu yenyewe ilifunga kutuma kobalti inje ya inchi, ili bei ipande. Hatusemi hapa kama walifanya vizuri ao vibaya. Tunasema tu kama mushahara wa mutumishi wa Kolwezi unafungwa ku bei yenye yeye hapangi. Kwa hiyo muzazi mwenye anamuambia mutoto « acha kazi yenye unapenda, ingia mu kazi ya hakika », amuonyeshe kwanza ile hakika iko wapi.

Juu ya karyeri ya wakrezeri, mujomba wa kijana alisema kweli moja: kuko siku inalipa sana. Hakusema siku zingine. Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulianguka mu karyeri moja ya hapa Kolwezi, na wakrezeri zaidi ya 30 walikufa. Tulihesabu majeneza. Wengi walikuwa vijana wenye walitoka mbali, wenye jamaa zao zilisikia habari ku telefone ya jirani. Na sheria iko wazi: karata ya mukrezeri ni ya mutu muzima. Mutoto wa miaka 17 hana ruhusa ya kuchimba, hata mujomba akimushika mukono.

Basi kijana afanye nini? Tuangalie watu wawili wa kwetu.

Wa kwanza ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Lubumbashi mu 1947, wakati muji iliitwa Élisabethville, na mu miaka ya 1970 alikuwa anaishi na kuchora huku kwetu. Picha zake alizichora juu ya nguo ya unga, akaziuzisha kwa watu kama sisi, wenye walitaka kitu cha kutundika ku salon. Alipenda kuchora, lakini zaidi alipenda historia ya inchi. Mu 1973 na 1974 alikutana na mwalimu mumoja wa universite, Johannes Fabian, na akamuchorea historia yote ya Kongo, picha zaidi ya 100. Alizieleza moja moja kwa Swahili yetu ya huku, hii hii yenye wengine wanaicheka. Alichora hata mugomo wa watumishi wa Union Minière wa 1941, wakati serikali ya Wabelgiji iliwapiga watu risase juu waliomba mushahara. Mu vitabu vya masomo ile habari haikukuwa. Leo zile picha zinachungwa mu nyumba ya makumbusho ya Amsterdam, kule Uholanzi.

Lakini tusifiche upande mwingine. Tshibumba hakutajirika. Alichora picha ileile mara nyingi juu wanunuzi waliitaka, ili apate ya kula. Na tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilipotea. Kazi yake ilipata heshima. Yeye mwenyewe hatujui kama aliiona. Kijana mwenye anachagua njia ya namna hii ajue bei yake.

Wa pili ni Mwenda Jean Bosco, mwenye wazee wetu wanaita Mwenda wa Bayeke. Mu 1952, Hugh Tracey alimukuta Likasi, wakati iliitwa Jadotville, akapiga gitari, na sahani zake zikaenda mpaka Nairobi, kwenye vijana wa Kenya walijifunza namna yake ya kutembeza vidole. Lakini Mwenda hakutupa kazi ya mushahara. Alitumika mu banki, na wakati moja ku Gécamines. Gitari na mushahara vilitembea pamoja, mpaka alikufa mu aksida ya gari kule Zambia mu 1990.

Watu wawili, njia mbili. Kitu kimoja kinawaunganisha: hawakungoja mutu awape ruhusa ya kupenda kazi, na walifanya ile kazi kila siku, mpaka mukono ukaizoea. Kupenda kazi si kuona raha wakati unaiwaza. Ni kubakia nayo hata siku yenye inakupiga, kama yule kijana na radio ya baba yake. Hapo njo muzazi anaweza kujua kama ni mapendo ao ni muchezo. Mutoto mwenye anasema « ninapenda muziki » na hajashika gitari mwaka muzima, tumungojee. Mutoto mwenye anakaa na kazi moja miaka mitatu bila kulipwa, bila kusukumwa, huyo amekwisha kutujibu.

Sasa tuseme wazi maneno yetu ya sendika.

Kwa wazazi: mbele ya kuchagua, muulizeni mutoto, na mutafute mutu mwenye anafanya ile kazi. Mupeleke mutoto kwa fundi mu likizo mbili, muone kama anarudi na njaa ya kujua ao na uchovu tu. Amalize egzame deta, kwa sababu bila diplome hata mulango wa fundi mukubwa unafungwa. Na tuulize wasichana pia. Kuko wasichana wenye wanapenda mugodi wenyewe: machini, mawe, hesabu. Mutoto wa namna hii tusimurudishe ku jiko tukisema mugodi ni wa wanaume. Kupenda mugodi nayo ni mapendo, na mwenye kuingia kwa kupenda na kwa masomo haingii sawa na mwenye alisukumwa na njaa.

Kwa vijana: mapendo haichukue nafasi ya kontra. Tumeona mafundi vijana wenye wanaambiwa « wewe unapenda kazi, franga ya nini? » Wanatumika miaka miwili bila kitu, wanalala mu atelie, wanatumwa kuchota maji. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya 2002, inajua kontra ya kujifunza kazi, na inataka iandikwe. Muiombe. Mwenye anakataa kuandika, anakuficha kitu. Na ukipata kazi ya mushahara yenye hupendi, usione haya. Ifanye vizuri, uchunge saa moja ya jioni kwa ile kazi ingine. Mwenda alifanya vile.

Kwa wakubwa wa provense na wa kampuni: maneno yote haya ni ya bure kama Sandoa haina fasi ya kujifunza. Lualaba ina teritware tano, lakini tukitafuta atelie zenye vyombo, karibu zote ziko upande wa migodi. Mutoto mwenye anapenda umeme, na ku masomo ya kwao kuko section moja ao mbili tu, atachagua nini? Hachagui, anachukua yenye iko. Sheria ya migodi ya 2018 inataka kila kampuni itoshe 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa kando ya mugodi. Ni vizuri, lakini Sandoa haiko kando ya ile migodi, hata kama vijana wake wako mu mashimo. Sheria ileile inapatia provense 25% ya redevansi ya madini. Ile si ya Kolwezi peke yake. Tunaomba sehemu yake ijenge Sandoa nyumba moja ya kujifunza ufundi: umeme, kuunga vyuma, useremala, kushona, kutengeneza machini ya kusaga. Nyumba moja yenye vyombo na walimu wenye wanalipwa. Umeme wa Nzilo na Nseke unapita ku migodi, na kule Sandoa nyumba nyingi zinangojea pano ya jua ya kijana wa miaka 17. Kazi iko. Mafundi njo hatujawafundisha.

Na sisi wenyewe wa sendika tusijitoshe mu hii neno. Mara nyingi muzazi akitufikia, tunaandika jina la mutoto ku orodha ya sutretansi, na tunaona tumesaidia. Hatujawahi kumuuliza mutoto kitu kimoja. Tutabadilisha ile desturi: jina haliandikwi kama mutoto mwenyewe hajakuja kusema anajua nini na anataka nini.

Yule kijana wa Sandoa, tulimuambia mujomba wake hivi, chini ya mwembe: mumuache amalize mwaka moja yenye imebakia. Ile franga ya safari ya Kolwezi, munulieni nayo chombo cha kupimia umeme na chuma cha kuyeyushia risase. Radio yenye anatengeneza ilipwe, hata kama ni ya jamaa, juu jamaa njo wa kwanza kutumikisha bure. Kisha diplome tutamutafutia fundi wa umeme hapa Kolwezi, kwa kontra yenye imeandikwa, na mama yake atatia saini. Akitaka siku moja kuingia mugodi kama fundi wa umeme, ataingia na kazi yake mu mukono, na siku mugodi utafungwa, atatoka nayo.

Mujomba hakukubali mara moja. Alisema atawaza. Mama njo alijibu mbele yake: aliingia mu nyumba, akarudi na radio ya marehemu yenye ilikufa tangu masika, akaiweka ku magoti ya mutoto.